Kaniki Kwenye Mlingoti wa Mzee Lubango

Harufu ya dagaa wanaokauka kwenye nyasi, ikichanganyika na vumbi la pamba, ndiyo inayonirudisha mwaloni kwetu, ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki, mwendo wa baiskeli kutoka Chato. Zamani hizo palikuwa bandari hasa. Meli ilikuja kuchukua marobota ya pamba, na juu ya mwamba ulisimama mnara wa matofali wenye ngazi ndani na mlingoti juu. Mlinzi wake, Mzee Lubango, alipandisha vitambaa. Cheupe, meli inakuja. Chekundu, upepo mbaya, rudini. Cheusi, mtu wetu amefia majini. Kikipanda cheusi, kila mtumbwi uliacha nyavu hapo hapo na kurudi, na hakuna aliyeshuka tena ziwani mpaka maziko yapite. Na aliyekipandisha pasipo kifo alihesabiwa kuwa amemwita mtu afe; akizama yeyote baadaye, lawama ni yake.

Mwaka huu mnara unakarabatiwa, na historia yake itaandikwa kwenye kibao. Wazee wenzangu wameshasema lao, kwamba Lubango, mlinzi wa mwisho, aliondolewa kwa ulevi. Lubango hakuonja pombe. Aliondolewa kwa ajili yangu.

Mimi ni Kabula binti Masanja, shule niliishia darasa la pili. Masika yale, nikiwa mtoto bado, mvua haikutupa nafasi, nguo zilikaa siku tatu hazijakauka. Siku jua lilipotoka, mama alinipa kaniki yake nyeusi niianike mbali na dagaa isije ikanuka. Dagaa walijaa kila mahali. Mzee Lubango alikuwa kwenye ghala la pamba, basi nikapanda ngazi, nikaifunga kaniki kwenye kamba ya mlingoti, nikaivuta juu ipate upepo. Nilijiona mwerevu sana.

Mitumbwi ikaanza kurudi. Wa Misana, wa Bugalama, wa Katemi, wote wanapiga makasia bila kuimba. Wanawake waliteremka wakasimama ndani ya maji, kila mmoja akimtafuta wa kwake kwa macho. Nyamizi, mke wa Shija, alikuwa ameshaanza kulia, maana mtumbwi wa mumewe ulikuwa wa mwisho. Alipomwona hai alikaa kwenye matope.

“Aliyekufa ni nani?” Misana aliuliza. “Semeni, maana mimi nipo.”

Mzee Lubango alifika akihema. Alitazama juu, kisha akanitazama mimi na beseni langu tupu. “Ni mimi,” alisema. “Nimechanganya vitambaa.”

“Nyeusi na nyekundu unachanganya, mzee?” Bugalama alimjibu. “Siku hizi unaanza kunywa asubuhi?”

Mama aliitambua kaniki yake. Alinishika mkono mpaka nyumbani, na jambo hilo hatukulitaja tena hadi nilipomzika. Nyavu zilizoachwa zilichukuliwa na maji, watu wakanung'unika, na kabla ya kiangazi Lubango akanyang'anywa mnara. Siku anahamia Buseresere alipita kwetu kuaga. Nilijificha nyuma ya ghala la mtama. Nilimsikia akimwambia mama, “Huyo mtoto mwache acheze.”

Wiki iliyopita alikuja Neema, binti wa halmashauri anayekusanya habari za mnara. Nikamweleza yote. Akasita kuandika.

“Bibi, tuseme tu palitokea hitilafu.”

“Hitilafu ilianika kaniki ya nani? Andika Kabula.”

“Watu watakusema, bibi. Wapo wanaoamini mambo hayo mpaka leo.”

“Mimi mwenyewe niliyaamini. Kila aliyezama nilimhesabu. Andika, mjukuu wangu.”

Akaandika. Nikamwomba anisomee, akanisomea mara mbili.

Siku hizi habari za upepo zinaingia kwenye simu, na huo ni wema mkubwa. Lakini mwezi uliopita alizama kijana wa jirani yangu, na mitumbwi ya injini ikampita mama yake pale ufukweni, inakwenda kuvua kama kawaida. Nilikaa naye. Nikakumbuka asubuhi ile ziwa zima liliporudi, wanaume wazima wameacha nyavu zao, kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake walikuwa hawajaambiwa.