Baladia wamekuja kutufundisha kuzima kiyoyozi

Jamani, Mama leo kanivunja mbavu!

Wamekuja vijana wawili wa baladia, yaani manispaa, hapa kwetu Ibra. Wanagawa taa zinazokula umeme kidogo, na wanashauri watu wapunguze viyoyozi ili bili zisiwatoe roho.

Mama kusikia wageni tu, kawasha viyoyozi vyote viwili vya majlisi, sebule ya wageni. Na taa zote. Mchana!

Mmoja akasema kwa adabu, "Mama, hichi ndicho kilichotuleta."

"Haya, mwanangu."

Akazima vyote, akawamiminia kahawa ya moto.

Na joto la sasa mnalijua. Kanzu zao za dishidasha zikawaganda mgongoni.

Nani kaomba kiyoyozi kiwashwe? Hebu bahatisheni.

Yule yule!

Mama akawasha kimoja, akakaa, akatabasamu.

"Umeona? Nusu tushapunguza. Kunywa kahawa."