Nguzo za Ghala na Mgongo wa Musyoka

Marehemu baba alikuwa na ghala la mahindi kwetu Kalama, limesimama juu ya nguzo sita. Kila baada ya mavuno alinipa mpini wa shoka nizigonge moja moja. Nguzo nzima unaisikia imeshiba. Iliyoliwa na mchwa kwa ndani inalia kama debe tupu. Mwaka mmoja tukapata moja mbovu, tukaibadilisha. Zile tano zilikuwa nzima, lakini baba akasema niendelee kugonga, na msimu wa tatu nikapata nyingine. Lakini hapa nilitaka kueleza habari za mgongo wa ndugu yangu. Tutafika.

Musyoka, mdogo wangu, alikuwa anapasua mawe Lukenya. Mgongo ulimuuma mwaka mzima, sisi tukilaumu nyundo. Miguu ilipoanza kufa ganzi ndipo tukafunga safari, kwanza Machakos mjini, halafu Nairobi, maana mashine ya miale haikuwa kwetu wakati huo.

Nairobi walimtoboa pingili ya mgongo, wakachukua uboho kwenye nyonga, wakapiga picha mifupa yote kuanzia fuvu. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, akatuita.

"Ni uvimbe wa saratani, na uko kwenye pingili moja tu. Umetoka kwa zile chembe zinazotengeneza kinga ya mwili. Kuupata peke yake hivi ni nadra. Tutauchoma kwa miale, siku tano kwa wiki, wiki tano."

"Halafu nimepona?" Musyoka akauliza.

"Hapo penyewe, mara nyingi unaisha. Lakini kwa watu wengi, hata baada ya miaka, ugonjwa hutokea kwenye mifupa mingine. Kwa hivyo kila miezi mitatu utakuja tupime damu na mkojo."

Jumamosi ya kwanza tulirudi Kalama. Walikuwa wamemchora mistari ya zambarau mgongoni, na mimi sikuona vile mtu ataenda misa amepigwa chapa kama gunia la posho. Nikamsugua kwa katani na sabuni.

"Polepole, Baba Nduku!" Musyoka akalia, akiniita kwa jina la binti yangu. "Unadhani hii ni sufuria?"

Jumatatu, Nairobi, mama wa mashine akainua shati. "Mzee, mistari iko wapi?"

"Tumeoga," nikajibu, tena kwa fahari.

"Mmeoga ramani! Sasa miale itajuaje mahali pa kupiga?"

Siku hiyo ikaishia kupimwa na kuchorwa upya. Tangu hapo Musyoka alioga miguu na kwapa tu.

Wiki ya tano ilipoisha, maumivu yalikuwa yametulia na miguu imerudi. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikataka kumpa moyo, nikamsimulia zile nguzo. Nilisimulia mpaka mwisho, na ule msimu wa tatu pia. Tulipofika Machakos akanigeukia.

"Hiyo ya pili," akasema, "kabla uigonge, kuna mtu alikuwa anajua iko mbovu?"

"Hakuna."

Safari ya kwanza ya kupimwa, safi. Ya pili, safi. Ya tatu tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, yeye akigongagonga goti lake kwa kidole. Akavua kofia, akaiweka mapajani mwangu.

"Nishikie. Natoka kidogo."

Jina lake likaitwa mara mbili. Nikaingia mimi.

"Damu safi, mkojo safi," daktari akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nilichojifunza katika safari zote hizo ni kimoja: mgonjwa msimulie nguzo moja, unyamaze. Nilitoka mbio na kofia mkononi nikamuuliza askari wa getini.

"Yule mrefu? Amepita, ameenda upande wa barabara kubwa. Nikamwambia jua ni kali, akasema kofia amemwachia kakake."

Lukenya nilienda, hawajamwona. Kalama hajarudi mpaka leo. Kofia iko kwangu, na habari yake njema pia.