Bosi Aliyekaa na Omena

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliyokaribia kupoteza mke na kazi kwa mkupuo mmoja, tena nikiwa nimevaa tai ya kuazima. Nakusimulia kwa sababu juzi ulipita hapa kwangu na bahasha yako ya vyeti, ukaniambia siku hizi hakuna anayeandika watu. Kaa, kunywa chai. Hata miaka yetu ya tisini, viwanda vilikuwa vikipunguza watu na serikali ikisema imejaa. Vijana wenye leseni za udereva tulizagaa Karungu, kando ya ziwa, tukiwaoshea watu magari bure, ili mradi tuguse usukani.

Aliyekuja kuniandika alikuwa mjane mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Watu wote walimwita Nyar Gwassi, yaani binti wa Gwassi, maana wanawake wetu huitwa kwa kwao walikozaliwa. Alikuwa na pikapu moja, nayo ilimnyima usingizi. Dereva wa kwanza aliuza dizeli, wa pili akauza gurudumu la akiba, wa tatu akaenda kubeba harusi ya rafiki yake huku samaki wakioza nyuma. Siku ya kutuchagua tulijipanga ufuoni, yeye akatuuliza sote swali lile lile.

"Gari ikikufia Ndhiwa na samaki iko ndani, utafanya nini?"

Wenzangu wakamtajia plagi, kabureta na vyuma vingine ambavyo mimi hata sikuvijua. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Nitauza samaki kwanza, Mama. Gari haiozi."

Akanitazama kidogo. "Panda."

Basi tukawa tunazunguka, yeye kiti cha mbele ubavuni mwangu, hadi Ndhiwa, na siku ya soko la mifugo hadi Ogwedhi. Jina langu hakulijali, aliniita Dereva, na nikichelewa alinigombeza mbele ya ufuo mzima. Lakini dizeli yake sikuigusa, na baada ya muda akaanza kusinzia njiani. Kwa wale wengine asingethubutu kufumba jicho!

Huko Ndhiwa nikakutana na Atieno, msichana aliyekuwa akijifunza kushona. Alinieleza kwamba mama yake anauza samaki, lakini upande wetu nani asiyeuza samaki? Nami nilimweleza kwamba mimi ni dereva wa gari la samaki, na magari hayo yalikuwa tele. Tukapendana, tukapanga nikajulishwe kwao. Nilipomwomba Nyar Gwassi ruhusa ya kwenda kuona wakwe, alifurahi sana, akaniambia naye Jumapili hiyo ana mgeni nyumbani kwake, mahali ambapo mimi nilikuwa sijawahi kufika. Akanichagulia samaki, mbuta mkubwa.

"Usiende kwa watu mikono mitupu, Dereva. Na ukipikiwa kuku, usimalize."

Jumapili nikaingia bomani nyuma ya Atieno, mbuta mkononi. Wazee walikuwa wameketi. Mama wa nyumba akatoka jikoni akitabasamu, akanitazama, akamtazama samaki.

"Huyu samaki namjua," akasema.

Kisha akajifunika leso kichwani, akakimbilia nyuma ya jiko! Mwanangu, kwetu mama mkwe ni maro. Humgusi, humkodolei macho, wala hamketi kiti kimoja. Mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega miezi yote ile, yeye akikoroma.

Mzee mmoja, kaka wa marehemu mume wake, akaniuliza, "Kijana, unafanya kazi kwa nani?"

"Kwa mama."

"Mama gani?"

Nikaonyesha jiko kwa kidevu.

"Yawa!" mzee akashika kichwa. "Unaketi na maro kutoka Karungu mpaka Ogwedhi? Hapana. Chagua moja. Uache hiyo gari uoe, ama uendeshe na msichana wetu abaki hapa."

Nikapiga hesabu. Bila kazi, ng'ombe wa mahari wangetoka wapi? Nikibaki na kazi, mahari yenyewe ningempelekea nani? Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma ya jiko.

"Wakwe watakuja wengine. Dereva mwenye haibi dizeli nitatoa wapi?"

Atieno akaangua kilio. Mimi nami nilitaka kulia, ingawa nakiri moyoni nilivimba kwa sifa. Tukasikia mafuta tu yakichemka, mbuta wangu akikaangwa. Ndipo sauti ikarudi, ya chini zaidi.

"Basi nyamazeni. Mimi nitakaa nyuma."

"Nyuma wapi?" mzee akauliza.

"Kwa magunia. Gari ni yangu, nakaa mahali nataka."

Jumatatu bosi wangu akapanda juu ya magunia ya omena na mwavuli wake, mimi peke yangu mbele kama waziri. Akigonga paa mara moja, nasimama. Mara mbili, naondoka. Ndhiwa walitucheka hadi wakachoka. Siku moja mvua ikatupata njiani, nikasimama kwa huruma na kumwita bila kugeuka.

"Mama, mvua!"

"Funika omena, uendeshe!"

Atieno nilimwoa, na mama yake alikaa huko nyuma mpaka uzee ulipomstaafisha, na kila nikikumbuka ule mwavuli kwenye kioo changu, namshukuru.

Kwa hiyo nasikia unavyolalamika, na ni kweli milango ni michache. Lakini jua kwamba hata huyo aliye ndani ya ofisi anatafuta mtu wa kumwamini, ameshaibiwa, anaogopa kusinzia. Ukipata nafasi, hata iwe ndogo, fanya kazi hivi kwamba mwenye gari aone heri akae na omena kuliko akupoteze. Nawe ukija kuwa na gari lako, ukampata mtu wa namna hiyo, usione haya kumwachia kiti cha mbele. Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie, na paa lako ligongwe mara mbili.