Kipande cha Arobaini na Tatu

Siku ya kwanza kazini nilipewa kifuniko. Nilikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti mjini Arua, nikasikia kwamba juu ya Arua Hill, katika moja ya zile nyumba kuukuu za wakoloni, kuna watu wanatafuta fundi wa kamera wa kupiga picha nyota. Nilipanda kilima nikidhani nitaonyeshwa mwezi. Mkuu wa kituo, mzee aliyewahi kuwa mpima ramani jeshini na ambaye sote tulimwita Afande, alifunika mdomo wa darubini kwa kile kifuniko, akaniambia nipige picha za giza kwa saa nzima.

"Giza nalipiga picha ya nini, Afande?"

"Kamera iko na uchafu yake ndani," alisema. "Inaweka nyota pahali nyota hapana. Kwanza tujue uongo yake, halafu tutoe."

Ndizo tulizoziita picha za giza. Unapiga ukiwa umefunika, kisha unaondoa madoa yake kwenye picha ya kweli. Ni kazi ya mtu aliyetulia, na mimi tangu utoto miguu huniwasha. Nilikaa dakika kumi, nikasimama, nikaanza kuzunguka chumba. Afande alinifukuza nje, kwa sababu kila nikikanyaga sakafu darubini ilitikisika. Nikazunguka nyumba mpaka saa ikaisha.

Ninyi vijana mnaoelekeza simu juu na kubonyeza, nisikilizeni kidogo. Darubini haioni mbingu yote kwa mara moja. Ukitaka picha ya mbingu nzima lazima uipige vipande vipande, kisha uviunge. Kila kipande kilale kidogo juu ya jirani yake, kama mabati ya paa, ili nyota za pembeni zionekane katika vyote viwili na kiungo kisijulikane. Picha yetu ilihitaji vipande arobaini na vitatu. Kipande kimoja kingeweza kula usiku mzima, na wingu likipita unaanza upya.

Wenye kituo walikuja kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ukisimama hapa unaona nyota za kusini na za kaskazini karibu zote. Lakini lipo la kutusumbua. Mguu wa darubini una injini ya kufuata nyota, na lazima mhimili wake uelekee kaskazini barabara. Wenzetu wa nchi za mbali huulenga kwenye nyota ya kaskazini, wakamaliza. Kwetu nyota hiyo imelala chini kabisa, ndani ya vichaka na moshi. Kwa hiyo Afande alitufundisha kuchungulia nyota yoyote iliyo juu na kutazama inavyoteleza. Ikipanda tunasogeza mguu huku, ikishuka kule, mpaka iache kuteleza. Nikawa hodari wa njia hiyo. Miaka yote ile sikuwahi kuitafuta nyota ya kaskazini, maana sikuihitaji.

Taa za mji zilipotuzidi pale kilimani tulihamia kijiji cha Inde, tukapiga vipande vya kusini. Kisha tukapelekwa Koboko, karibu na mpaka wa Sudan, kwa vipande vya kaskazini. Huko tulipewa uwanja na Mama Zaitun, muuza vitenge wa sokoni, binti wa askari. Alikuwa akizima taa yake ya sola bila kuombwa, na mwenye bodaboda akipita na taa kali ni yeye aliyemkemea, si sisi.

Afande alistaafu kabla hatujamaliza. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Pahali hapana picha, acha shimo. Sisi hapana danganya mbingu." Niliitikia upesi, kama ninavyoitikia kila kitu.

Kikabaki kipande kimoja, cha arobaini na tatu, safu ya chini kabisa upande wa kaskazini. Ulikuwa msimu wa kuchoma nyasi. Usiku kumi na moja nilikaa kwenye uwanja wa Mama Zaitun roho juu, na kila usiku moshi ulikuwa umekaa palepale kama mgeni asiyeaga. Mkurugenzi mpya alikuwa amekwisha kualika watu kwenye uzinduzi wa picha. Akanipigia simu.

"Fundi, nyota ni nyota. Nani atajua?"

Nasema wazi kwamba hakunilazimisha. Nilikuwa nimechoka kungoja. Nilichukua kona ya kipande cha jirani, nikaigeuza juu chini, nikafifisha mwanga wake, nikaiunga. Ilichukua nusu saa. Picha ikachapwa juu ya mbao arobaini na tatu zilizofungwa ukutani kwa skrubu, ukumbi mzima wa ile nyumba ya Arua Hill. Watu walipiga makofi, nami nilifurahi, siwadanganyi.

Mama Zaitun alialikwa pia. Alivaa vizuri, akapita picha yote polepole, kisha akainama safu ya chini na kukaa pale muda mrefu.

"Fundi, nyota yangu iko wapi?"

"Nyota ipi, Mama Zaitun?"

"Ile hapana tembea. Baba yangu alionyesha mimi kama mvua imeosha hewa. Yeye alikuwa natoka Sudan usiku kwa miguu. Alisema, kama hii nyota iko mgongoni, nyumbani iko mbele." Aligusa ule ubao wangu. "Hapa ndiyo pahali yake. Hawa wengine mimi hapana jua."

Fundi gani wa nyota ambaye hajui kwamba nyota ya kaskazini ilitakiwa kuwemo mle? Nyota tuliyojifunza kufanya kazi bila yake ndiyo iliyonifichua. Nikamwambia labda ulikuwa moshi. Akarudi Koboko. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliipita kwa miaka sita, kila asubuhi nikikata ukumbi ule bila kutazama chini.

Kisha nikasikia Mama Zaitun ana presha ya macho, na daktari amemwambia nuru ikipotea hairudi.

Siku ya kuniaga kazini, Mkurugenzi aliniuliza mbele ya watu kama nina neno. Nikasema naomba bisibisi. Walicheka. Nikaeleza yote, na kicheko kikaisha.

"Unataka kuharibu kazi yako mwenyewe?" aliuliza.

"Nataka kutoa nisichokipiga."

Alitazama sakafu. Mwishowe akasema, "Leteni bisibisi." Ni mara hiyo pekee nilipomwona akiona haya, nami nilimpenda kwa hilo. Nilifungua skrubu nne, ubao ukatoka, ukuta ukabaki wazi. Kesho yake akaniazima darubini ndogo ya kituo, nikaipige nyota ile.

Sasa mwaka wa pili nimestaafu, na sijui watu hustaafu vipi. Mke wangu husema nimegeuza nyumba kuwa stendi ya magari. Nimekwenda Koboko mara tisa. Nimekuta moshi, nimekuta mawingu, na mara moja nyota ilitoka, ndogo, nyekundu kidogo, ikadumu muda wa kunyoosha mguu wa darubini, ikazama kwenye ukungu. Nililia kwa hasira pale uwanjani, mtu mzima.

Mwezi uliopita binti yake, Zaitun, alimleta Arua hospitalini. Walipotoka huko, mama akaniomba nimpandishe Arua Hill. Nilimshika mkono nikampeleka ukumbini. Jicho moja limekwisha, la pili linaona mwanga na kivuli. Nilimwinamisha, nikakiongoza kidole chake juu ya mbao mpaka kikaangukia kwenye pengo, kikagusa plasta ya ukuta.

"Hapa?"

"Hapo, Mama Zaitun."

"Wale wengine ulitoa?"

"Nilitoa. Nilikudanganya siku ile. Haukuwa moshi tu."

"Mimi nilijua." Alizungusha kidole pembe zote nne, taratibu. "Mzuri. Acha iko wazi mpaka mwenyewe natokea." Kisha akasema, "Utaleta kabla hii jicho hapana zima?"

Midomo yangu ilikuwa tayari kusema ndiyo. Niliifunga.

"Sijui, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akanishika bega ili ainuke.

Leo Zaitun amenipigia simu kutoka Koboko. Mvua imenyesha tangu adhuhuri na sasa imekata, hewa imeoshwa. Darubini iko mlangoni, na gari la mwisho halijaondoka.