Kombe mlangoni pa chumba cha upasuaji

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali, binamu yangu akisubiri kupasuliwa ngiri. Shangazi, mama yake, alifika kutoka Kasingirima na chupa ya kombe: aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya kunywa. Kwetu hakuna aliyewahi kukabili kisu bila kulinywa.

Nesi, mgeni wa mkoa, msalaba shingoni, alifunika mdomo wa chupa kwa kiganja.

"Shikamoo, mama. Asinywe chochote. Akitapika usingizini, maji yataingia kwenye mapafu, tutampoteza."

"Marahaba. Haya si maji, mwanangu. Ni maneno ya Mungu."

"Najua, mama. Mapafu ndiyo hayajui."

Jamaa wa kushoto kwangu akaguna: "Watu wa dini watatumaliza!"

Wa kulia akamjibu: "Na nyie wa sayansi, mmemfufua nani?"

Shangazi hakuwageukia. Alimtazama nesi. "Na nikimpaka tu?"

"Mpake, mama, hata miguuni."

Nesi akamshikia chupa. Shangazi akampaka mwanawe usoni na kifuani, taratibu, kisha kitanda kikaingia.

Kilipotoka, binamu alikuwa akilalamika kiu. Shangazi alicheka huku machozi yakimtoka, akamshika nesi mikono yote miwili.

Wale jamaa walikuwa bado wanabishana ni nani anayeiokoa dunia. Ilibidi waombwe kusogeza miguu ili mgonjwa apite.