Mkebe Uliotafuta Masikio ya Kukhu

Likizo hii nimeupata juu ya kabati la vyombo, nyuma ya sufuria kubwa ya matanga. Ni mkebe wa mafuta ya kupikia, umetobolewa tundu, na kwenye tundu kuna swichi ya kuzungusha yenye nafasi kumi na mbili. Nimeupangusa vumbi kwa sketi, nikakaa nao chini jikoni, nikalia. Nyumbani sijamwambia mtu. Nakuambia wewe.

Nilikuwa darasa la sita, nikiishi na Kukhu, mama wa baba, karibu na Lubao. Siku za soko ng'ombe walilia tangu alfajiri, lakini ni mimi tu niliyewasikia. Masikio ya Kukhu yalikuwa yanaisha. Wengine walimpigia kelele. Mimi sauti yangu ni ndogo, hata mwalimu aliniuliza mbele ya darasa, "Wewe unaongeanga na tumbo?" Nikitoka shule nasema, "Kukhu, nimefika," naye anaendelea kuchambua mrenda, mgongo kwangu. Nikimgusa anashtuka, mboga zinamwagika. Nilichukia sana ule mshtuko.

Fundi wa redio pale sokoni ndiye aliyenisaidia kutengeneza kengele: kibonyezo langoni, spika ya redio iliyokufa jikoni. Kisha akaniazima mkebe huu, nitafute mlio ambao Kukhu angeusikia. Ndani alikuwa amepanga kapasita kumi na mbili, vile vidude vya redio vya kutunza umeme, kutoka ndogo hadi kubwa. Ukizungusha swichi unajaribu moja baada ya nyingine bila kulehemu na kubandua. Ndogo hutoa mlio mwembamba, kubwa mlio mzito.

"Mkebe ni ya kutafutia tu," alisema. "Ukipata, lehemu kapasita moja kama hiyo, uniletee mkebe yangu."

Jumamosi Kukhu alikuwa akipukusa mahindi. Nikazungusha. Moja, hakugeuka. Mbili, tatu, bado. Nne, akainua kichwa. Tano, akaangusha gunzi. "Hiyo ni mbuzi ya nani inalia kwa nyumba yangu?" Tulicheka hadi akashika mbavu. Kuanzia siku hiyo nikibonyeza langoni, nasikia kutoka jikoni, "Ingia, omukhana wanje, obusuma iko!" Yaani, binti yangu, ugali upo.

Lakini masikio yake hayakutulia kwenye tano. Yalienda sita, yakaenda saba. Fundi akinipata njiani ananitania, "Kwani bado unatafuta tu?" Namwambia bado, naangalia chini.

Nilipoenda bweni kidato cha kwanza, klabu ya sayansi ilitaka vitu vya maonyesho. Basi nikalehemu kapasita ya saba, safi kabisa, kama fundi alivyosema, nikaondoka na mkebe. Nilipewa hata cheti.

Muhula ulipofungwa nilibonyeza langoni. Spika ililia jikoni, niliisikia vizuri. Hakuna aliyejibu. Nikaingia, nikamgusa bega, akashtuka, mrenda ukamwagika.

"Hakuna mtu anakujanga hapa siku hizi," akasema. "Hata jirani wa maziwa anaachanga tu kwa ngazi, anaenda. Niliwakosea nini?"

Kumbe jirani alikuja kila asubuhi. Alibonyeza, akangoja, akaacha maziwa kwenye ngazi, akidhani mzee hataki wageni.

Jioni ile nilibandua kapasita yangu, nikauunganisha mkebe tena. Nane, hakuna kitu. Tisa, Kukhu akainuka haraka, akajifunga leso, akatazama mlangoni. "Mgeni!" Alikuwa akitabasamu. Ilikuwa ni mimi tu, nimeshika waya. Sikumweleza kilichotokea. Nilisema moyoni nitamweleza akizeeka zaidi, akiwa hana hasira. Muhula uliofuata watu wa nyumbani walikuja kunichukua shuleni kabla ya wakati, twende kumzika Kukhu.

Siku hizi pale kwa fundi wanauza vifuniko vya simu. Nimeuliza alikohamia, hawajui. Mkebe wake sikuurudisha.

Swichi iko tisa bado. Nimetoa betri kwenye tochi, nikaunganisha, nikaenda langoni, nikabonyeza. Mlio ni mzito, unaguruma. Kuku wakatawanyika uani. Nimesimama hapo kitambo, mkono kwenye kibonyezo, kwa sababu sijazoea kuingia kabla ya kuambiwa ingia.