Pumzi za Nassor

Alhamisi ya mwisho ya amani tulikaa uwani, nyumbani kwetu Mtoni. Baba alikuwa akimenya machungwa, na kaka yangu Nassor akilalamikia jino. Mama alimfundisha kupumua kama alivyofundishwa na wakunga: vuta hewa kwa pua mpaka tumbo lipande, kisha itoe kwa mdomo taratibu, kama unapoza chai.

“Jino halinywi chai, mama,” Nassor akasema. Tulicheka sote.

Siku chache baadaye yakaja mapinduzi. Alhamisi iliyofuata Nassor alirudi nyumbani akijiburura, ana risasi pajani. Hapakuwa na daktari wa kumwendea. Barabara ya Bububu ilijaa watu wenye silaha. Tulifunga madirisha ya mbele, tukajikusanya chumba cha nyuma, ili nyumba ionekane haina mtu. Mimi nilipewa kazi ya kumtuliza asipige kelele. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita.

Nilimwekea mkono tumboni. Vuta. Shika. Achia. Jasho lilimtiririka, lakini kidogo kidogo taya zikalegea.

“Unanipoza kama uji,” akaninong’oneza.

Magharibi ikaingia. Mama akawasha chetezo. Hakufikiri, kila usiku wa kuamkia Ijumaa nyumba yetu ilifukizwa ubani. Moshi ukapenya dirishani.

Nje mtu akasema, “Nyumba hii inanukia. Wamo.”

Mlango ukagongwa.

Mama alikitazama chetezo mkononi mwake.

Baba akasimama, akavaa kofia. “Wewe shughulika na pumzi zake tu,” akaniambia.

Akaenda kufungua.

“Shikamoo, mzee. Mnafukiza, mna harusi?” mmoja wao akauliza. Wenzake wakacheka.

“Marahaba. Nipo peke yangu. N’nafukizia Ijumaa.”

“Haya, twende. Utamalizia huko.”

Vuta. Shika. Achia.

Nassor alitaka kuinuka. Nilimlalia kifuani, tukapumua pamoja mpaka sauti za viatu zikapotea.

Nassor alipona. Anaishi Maskati na anachechemea. Tukizungumza kwa simu tunaulizana afya na bei ya vitu, jioni ile hatuigusi. Mimi nimebaki, chumba kimoja Mji Mkongwe, sina mume wala mtoto. Mgongo ukiniuma hulala chali nikapumua vile vile, na hunisaidia, sitasema uongo. Ila mara nyingine humsikia baba akisema yupo peke yake, na hapo hewa haishuki.

Mama hatukumlaumu. Kuhusu baba, hakuna aliyekuja kutuambia kama amekufa, wala wapi amezikwa. Hatukuweka matanga. Mama hakukaa eda, kwa sababu hakujua aanze kuihesabu lini.

Siku tulipomwosha mama, mwanamke mmoja aliniuliza kama marehemu alikuwa mjane.

Niliendelea kummiminia maji.